Wagonjwa wa kliniki na wazee wa mitaani: matokeo ya utafiti wa dimenshia yanamhusu nani?

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha ulinganisho wa makundi mawili ya wazee wenye hali inayoitwa upungufu mdogo wa utambuzi. Hii ni hali ambayo kumbukumbu au fikra zimeshuka kuliko inavyotarajiwa kwa umri wa mtu, ingawa bado anajimudu. Kundi la kwanza lilikuwa la watu waliofika wenyewe, au walioletwa, kwenye kliniki ya kumbukumbu. La pili lilikuwa la watu waliofuatwa huko waliko, katika jamii. Katika kundi la kliniki, asilimia 13 kwa mwaka waliingia kwenye dimenshia, yaani akili zilishuka hadi wakashindwa kujimudu. Katika kundi la jamii, asilimia 3.

Peleka tofauti hiyo mbele miaka mitano. Kwa kasi ya kwanza, karibu nusu ya watu 100 watakuwa na dimenshia. Kwa kasi ya pili, watu 14. Daktari akichukua takwimu ya kundi moja akamsomea mzee wa kundi jingine, familia itauza shamba, itaacha kazi, itapanga maisha yake yote kwa hofu isiyoihusu.

Hali ilipewa jina lilelile katika makundi yote mawili. Kilichosaidia kueleza tofauti, kwa mujibu wa watafiti hao, ni jinsi mtu alivyokuwa akimudu shughuli za kila siku pale alipopimwa mara ya kwanza. Alama za mitihani ya kumbukumbu na picha za ubongo hazikuieleza. Na hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Mtu haji kliniki kwa sababu amepata alama 24 kati ya 30. Anakuja kwa sababu amelipa bili moja mara mbili, amepotea kwenye njia anayoipita kila siku, ameacha sufuria motoni hadi ikaungua, na mtu wa karibu naye akaona kwamba hili si la kawaida. Yule aliyefuatwa nyumbani anaweza kupata 24 hiyohiyo kwa kuwa usiku hakulala, hasikii vizuri, alisoma miaka minne tu, au amekuwa hivyo maisha yake yote. Alama zao zinalingana, lakini mmoja ana kitu kinachoendelea kuharibika na mwingine pengine hana.

Njia ya kufika kliniki

Kabla mgonjwa hajaingia kwenye jedwali la mtafiti, amepita vichujio vingi. Kwanza dalili zionekane, na ili zionekane lazima awepo wa kuziona. Mzee anayeishi peke yake anaweza kudhoofika miaka miwili bila shahidi. Kisha familia iamini kwamba ni ugonjwa, isiseme ni uzee tu. Ipatikane nauli, upatikane muda, apatikane wa kumsindikiza. Mhudumu wa afya wa ngazi ya kwanza aamue kumpa rufaa. Bingwa athibitishe. Baada ya yote hayo ndipo utafiti wenyewe unapoanza kuchuja kwa vigezo vyake: mshiriki awe na mtu wa karibu wa kutoa maelezo juu yake kila ziara, aweze kulala ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, asiwe amepata kiharusi, asiwe na saratani wala figo mbovu, mara nyingine akubali kuchomwa sindano ya mgongoni, na akubali kurudi kila baada ya miezi kadhaa.

Tuseme vichujio ni saba, na kila kimoja kinapitisha nusu tu ya waliokifikia. Katika wazee 1,000 wenye dimenshia watabaki wanane.

Uchache wao peke yake usingekuwa kasoro kubwa kama wangechaguliwa kwa bahati nasibu. Tatizo ni kwamba karibu kila kichujio kinavuta upande mmoja: wenye umri mdogo kidogo, waliosoma, wenye kipato, wenye mwenzi aliye hai, wenye ugonjwa mmoja badala ya mitano. Katika mradi mkubwa wa Marekani wa picha za ubongo uitwao ADNI, ambao data yake imezaa maelfu ya makala za kisayansi, wastani wa elimu ya washiriki ni takriban miaka 16, yaani kiwango cha shahada ya kwanza, na wenye dalili nyingi za ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo walizuiwa kuingia tangu mwanzo. Huku nje, shirika la Alzheimer's Disease International linakadiria kwamba robo tatu ya watu wenye dimenshia duniani hawajawahi hata kuambiwa kuwa wana dimenshia. Tunachokijua kwa undani zaidi tumekijua kupitia ile robo, na tena kupitia sehemu ndogo ya robo hiyo.

Ubongo baada ya kifo

Mtu anaweza kudhani tofauti hizi ni za kijamii tu, kwamba ndani ya fuvu ugonjwa ni uleule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walikuwa na nafasi adimu ya kulijibu hilo, kwa sababu walikuwa wakichunguza bongo za marehemu kutoka njia mbili: wagonjwa wa kliniki yao, na washiriki wa tafiti mbili za jamii zilizoanza miaka ya 1990, mmoja wa watawa na mapadre, mwingine wa wazee wa kawaida. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kliniki walikuwa na uharibifu mkali zaidi wa Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kwa kuleta dimenshia, na zaidi pia ya magonjwa yasiyo ya kawaida. Wale wa jamii walikuwa na makovu mengi zaidi ya viharusi, na mara nyingi mchanganyiko: Alzheimer kidogo, mishipa kidogo, kila kimoja kikimsukuma mtu hatua moja.

Uingereza ilikuwa imeshaona jambo linalofanana na hilo. Utafiti wa CFAS, uliochapishwa mwaka 2001, ulichunguza bongo 209 za wazee kutoka jamii. Uharibifu wa mishipa ya damu ulikuwepo katika asilimia 78, wa aina ya Alzheimer katika asilimia 70. Kati ya watu 109 waliofariki wakiwa hawana dimenshia, theluthi moja walikuwa na mabaka ya protini ya Alzheimer kwenye gamba la ubongo, kwa wingi uleule wa waliokuwa na dimenshia. Sentensi kama "mabaka haya husababisha dimenshia" ni rahisi kuiandika ukiwa na wagonjwa wa kliniki peke yao. Ukiwa na wazee wa mtaa mzima, inabidi uulize pia kwa nini huyu wa tatu aliishi nayo salama hadi kufa.

Uhusiano unaozaliwa mlangoni

Hadi hapa tumesema kliniki huonyesha upande mmoja wa picha. Kuna kosa baya zaidi: kliniki inaweza kuunda uhusiano ambao haupo kabisa. Joseph Berkson aliueleza mtego huu mwaka 1946 kwa mfano wa kisukari na ugonjwa wa kibofu cha nyongo miongoni mwa wagonjwa wa hospitali. Watafiti wa dimenshia wanaujua, na bado wanaingia ndani yake, kwa hiyo inafaa kuupigia hesabu hatua kwa hatua.

Chukua wazee 10,000 wa kubuni. Dimenshia wanayo 600. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, wanayo 1,000, na tuseme kwa makusudi kwamba mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo. Basi wenye yote mawili ni 60, wenye dimenshia tu 540, wenye sonona tu 940, wasio na lolote 8,460. Sonona nayo huvuruga kumbukumbu, kwa hiyo nayo humpeleka mtu kliniki. Tuseme dimenshia inampeleka mtu kwa uwezekano wa asilimia 30, sonona asilimia 20, mwenye yote mawili asilimia 44, na asiye na lolote asilimia 1.

Watakaofika ni hawa: wenye yote mawili 26, wenye dimenshia tu 162, wenye sonona tu 188, wasio na lolote 85. Sasa mtafiti aliyekaa kliniki anahesabu. Kati ya wagonjwa wake 188 wenye dimenshia, 26 wana sonona, yaani asilimia 14. Kati ya 273 wasio na dimenshia, 188 wana sonona, asilimia 69. Anaandika kwamba sonona inaonekana kumkinga mtu na dimenshia. Hajakosea hesabu, hajadanganya, vipimo vyake ni safi. Uhusiano umezaliwa mlangoni, kwa sababu aliyefika bila dimenshia lazima awe amefika kwa sababu nyingine.

Kuongeza wagonjwa hakusaidii. Ukikusanya watu laki moja kupitia mlango uleule, utapata jibu lilelile, ila sasa utalisema kwa uhakika mkubwa zaidi. Kinachosaidia ni kundi la kulinganisha lililochukuliwa kwa njia isiyotegemea dalili, au walau kujua uwezekano wa kila aina ya mtu kufika, ili kila aliyefika apewe uzani wa kuwakilisha wenzake waliobaki nyumbani.

Kipimo kizuri kikipelekwa mahali pengine

Mtego ufuatao ndio unaowagusa watu wengi zaidi sasa, kwa sababu vipimo vya damu vya Alzheimer vinatoka maabara na kuelekea kwenye zahanati. Kipimo kinaponasa asilimia 90 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 90 ya wazima, kinasikika kuwa bora mahali popote.

Kliniki ya kumbukumbu yenye watu 1,000, nusu yao wagonjwa: kipimo kitasema "ndiyo" kwa wagonjwa 450 na kwa wazima 50. Anayeambiwa ndiyo ana uwezekano wa asilimia 90 kuwa mgonjwa kweli. Kipeleke kwa wazee 1,000 wa mtaani, ambako wagonjwa ni 60. Kitanasa 54, na pamoja nao kitawashika wazima 94. Sasa anayeambiwa ndiyo ana uwezekano wa asilimia 36 tu. Karibu wawili kati ya watatu wameambiwa habari mbaya isiyo ya kweli. Lakini jibu la "hapana" limeimarika: wanaoambiwa hapana ni 852, na 846 kati yao ni wazima kweli. Kwa hiyo katika jamii kipimo kama hiki kinafaa zaidi kwa kuondoa hofu kuliko kwa kutangaza ugonjwa, kinyume na jinsi kinavyotumika kliniki.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba zile asilimia 90 zenyewe hazibadiliki. Hubadilika. Kliniki hulinganisha wagonjwa dhahiri na watu wenye afya njema waliojitolea, na katikati hakuna mtu. Katika jamii hiyo katikati ndiyo imejaa. Protini ya tau, mojawapo ya alama za Alzheimer zinazopimwa kwenye damu, kwa mfano, hupanda kwa watu wenye ugonjwa sugu wa figo, na wagonjwa wa figo ndio haswa walioachwa nje wakati kipimo kinatengenezwa. Mpaka wa namba uliowekwa bila wao utawahukumu vibaya.

Dawa mpya nazo zina mwanya huohuo. Lecanemab, dawa ya Alzheimer ya hatua za mwanzo, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18, na ilipunguza kasi ya kushuka kwa alama 0.45 kwenye kipimo cha alama 18. Watafiti wa Mayo Clinic walichukua wazee 237 kutoka utafiti wao wa jamii waliokuwa na mabaka ya amiloidi (protini ile ya Alzheimer) pamoja na upungufu mdogo au dimenshia ya mwanzo, wakawapitisha kwenye vigezo vya jaribio hilo. Waliotimiza masharti ya kuingia walikuwa 112. Baada ya kuondoa wenye magonjwa mengine na wenye alama za hatari kwenye picha za ubongo, walibaki 19, asilimia 8. Kwa wale 218 wengine, jaribio halijasema dawa inafaa wala haifai, na madhara yake kwao, ikiwemo kuvimba na kuvuja damu ubongoni, hayajapimwa.

Kinachosafiri vizuri

Haya yote hayamaanishi utafiti wa kliniki utupwe. Bila kliniki tusingejua chochote cha maana kuhusu dimenshia ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ni adimu kiasi kwamba ukizunguka nyumba elfu moja unaweza usikutane nayo. Jeni za APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikibadilika huleta Alzheimer ya kurithi, zilipatikana kupitia familia zilizofika kwa madaktari, na mtu mwenye badiliko baya la jeni hizo ana hatari kubwa awe kliniki au shambani. Namna protini inavyojikunja na kuua seli haiulizi mgonjwa alipita mlango gani. Kwa maoni yetu matokeo ya "jinsi inavyofanya kazi" yanasafiri mbali, na matokeo ya "kiasi gani" yanasafiri vibaya: asilimia, kasi, miaka ya kuishi, mipaka ya vipimo.

Hata hivyo mstari huo hauko wazi kila mahali. Jeni ya APOE aina ya e4 ilijulikana kuwa kisababishi kikubwa cha hatari ya Alzheimer kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Utafiti wa jamii ulioanza mwaka 1992 ukilinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulikuta kwamba kwa Wayoruba nakala moja ya jeni hiyo haikuongeza hatari waziwazi. Athari ilikuja kuonekana kwa wenye nakala mbili. Wagonjwa wapya wa dimenshia kwa mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na 3.24 Indianapolis. Jambo lililodhaniwa ni la kibiolojia tupu lilitegemea pia mazingira au jeni nyingine za watu husika.

Utafiti wa jamii nao si dawa ya kila kitu

Kwenda nyumba kwa nyumba ni ghali, kwa hiyo karibu kila mtu hutumia hatua mbili: mtihani mfupi kwa wote, kisha uchunguzi kamili kwa wachache. Kosa la kawaida ni kuwachunguza walioanguka mtihani tu. Tuseme wazee 1,200, walioanguka 200, na kati yao 80 wakathibitika. Ukiishia hapo unasema asilimia 6.7. Sasa chagua kwa bahati nasibu 50 kati ya wale 1,000 waliofaulu, uwachunguze kikamilifu, umkute mmoja mwenye dimenshia. Huyo mmoja anawakilisha 20, na kiwango kinapanda hadi asilimia 8.3. Lakini akipatikana kwa bahati wa pili, kinaruka hadi 10. Ndiyo maana hao waliofaulu wanapaswa kuchunguzwa wengi, na upana wa makadirio uandikwe wazi.

Mtihani wenyewe huleta tabu pale watu wasiposoma. Wilayani Hai, Tanzania, ambako utafiti wa kijiji kwa kijiji ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi, watafiti walikuja kutengeneza mtihani uitwao IDEA usiohitaji kalamu. Badala ya kumwambia mzee anakili mchoro, wanapanga njiti za kiberiti mezani na kumwomba apange zake vilevile. Mzee ambaye hajashika penseli tangu utoto akipewa mchoro anashindwa mkono, si ubongo.

Wanaokataa kushiriki, na wanaokufa kati ya ziara mbili, ni wagonjwa zaidi kuliko wanaobaki, kwa hiyo utafiti wa jamii nao hupoteza dimenshia njiani. Tena hata sampuli nzuri inaweza kudanganya kuhusu muda. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walihesabu miaka ya kuishi baada ya dalili kuanza wakapata wastani wa kati wa miaka 6.6. Waliporekebisha kwa ajili ya wale waliokufa upesi kabla ya utafiti kuwafikia, ikawa 3.3. Kliniki ina kasoro hiyohiyo, kwani anayekufa mapema hafiki kliniki, ila huko ni nadra mtu kuirekebisha.

Hata hivyo kuna maswali ambayo jamii pekee inaweza kuyajibu. CFAS ilirudia uchunguzi wake Cambridgeshire, Newcastle na Nottingham baada ya takriban miaka 20, kwa njia ileile. Kwa umri wa watu ulivyokuwa umebadilika, ilitarajiwa asilimia 8.3 ya wenye miaka 65 na zaidi wawe na dimenshia. Ilikutwa 6.5. Katika miaka hiyohiyo serikali ilihimiza wazee wapimwe na idadi ya waliopewa jina la ugonjwa ikawa inapanda, kwa hiyo aliyetazama rejista za kliniki angeapa kwamba dimenshia inaongezeka kwa kasi.

Kwa anayesoma ripoti na kutaka kujua kama inamhusu mgonjwa aliye mbele yake, tafuta kwanza mchoro wa washiriki: walioalikwa wangapi, waliokataa wangapi, walioondolewa wangapi na kwa kigezo gani. Tazama umri wa wastani, miaka ya shule, na kama wenye kiharusi, kisukari na figo waliruhusiwa. Kisha jiulize kama kitu kilichopimwa ndicho pia kinachomleta mtu kliniki. Kama ni hivyo, namba hiyo usiihamishe bila kuirekebisha. Na kwa mzee aliyepata alama za chini bila mtu yeyote kulalamika, kabla ya kumtajia asilimia yoyote, muulize mtu anayeishi naye maswali matatu: bado anapanga dawa zake mwenyewe, bado anahesabu chenji, bado anakwenda na kurudi peke yake? Akijibu ndiyo kwa yote, mpime masikio, mchunguze usingizi, dawa anazokunywa na tezi ya shingo, kisha mpime tena baada ya mwaka.